Nilimkatalia Baba utafiti wa saratani bila kumuuliza, akanipata kliniki

Wakuu, chamgei. Hii nitaisimulia vile ilikuwa, hata pale inaponiaibisha, na hapo ni pengi.

Mimi ni firstborn. Niko na duka la agrovet Londiani na mdomo usiolala. Nyumbani kwetu ni pande za Merigi, ambako Baba, miaka sabini na nne, bado anachuma majani chai yake mwenyewe na kukosoa ya majirani.

Mwaka jana ugali ulianza kumkwama kooni. Akawa mtu wa uji na chai. Tulimpeleka hospitali, akapimwa, na siku ya majibu akaniambia, "Kiprono, ingia wewe. Wewe ndiyo unajua English ya daktari."

Nikaingia. Saratani ya koo.

Tuko watoto watatu. Tuliongea kwa simu tukaamua Baba asiambiwe. Kwetu watu wanaamini hilo neno lenyewe linaua haraka kuliko ugonjwa. Tukamwambia ana kidonda cha koo kinachohitaji dawa kali. Alisema "sawa" na kuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Mimi nikajipongeza, ati nimeficha vizuri.

Sasa twende kliniki.

Kabla aanze matibabu, muuguzi mmoja, Sista Wambui, aliniita kando. Akanieleza kuna utafiti, clinical trial. Kila mgonjwa anapata matibabu ya kawaida, na nusu yao wanaongezewa dawa mpya. Kompyuta ndiyo inachagua nani yuko group gani. Mwisho wa kuandikisha watu ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo.

"Nataka nimwelezee Mzee," akasema.

Nikaruka kama kuku aliyekanyagwa. Kumwelezea maana yake ni kutaja ugonjwa! Nikamwambia Mzee ni wa umri, mambo ya research ni ya vijana, hawezi kukubali.

"Amekataa yeye ama umekataa wewe?"

"Ni kitu moja, Sista."

Wakuu, nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye digrii.

Nikaenda kumtafutia Baba uji. Nilimwacha kwenye benchi na kijana wa Sigor, miaka thelathini hivi, mgonjwa pia. Mzee wangu akiketi karibu na mtu dakika tano, anajua ukoo wake mpaka kwa babu.

Niliporudi, kijana alikuwa anamwambia, "Mimi nimekataa hiyo trial ya cancer, Mzee. Niko na mtoto wa mwaka moja. Nataka dawa yenye inajulikana. Na wewe umesema nini?"

Nilisimama pale na kikombe cha uji.

Baba aliniangalia. Akachukua fimbo yake, akainuka, akaenda kugonga mlango wa Sista Wambui peke yake. Mimi nikamfuata nyuma na uji wangu.

"Nasikia kuna kitu watu wanaulizwa," akamwambia. "Mimi sijaulizwa."

Sista hakunishtaki. Alitoa fomu tu, akamuuliza Baba kama asome kwa Kiswahili ama atafute mtu wa Kipsigis.

"Kiswahili naelewa. Shida ni masikio. Soma kwa nguvu."

Akasoma. Alipofika kwa lile neno, akaniangalia.

"Soma," Baba akasema. "Hiyo naijua. Hawa watoto walikuwa wananipigia simu Krismasi. Siku hizi wananipigia wote watatu, kila jioni, wananiuliza kama nimelala vizuri na bado sijalala. Ningekosa kujua aje?"

Sista alicheka. Mimi nilitafuta mahali pa kuweka uso nikakosa.

Ilipofika kwa kompyuta kuchagua, nikapata mdomo tena. "Baba, hiyo ni kamari! Unaweza kosa ile dawa mpya!"

"Kiprono, nyamaza kidogo. Unakumbuka yule ofisa wa majani chai alileta mbolea ya kujaribu? Mimi nilitaka kuiweka kwa laini za chai za karibu na barabara, watu waone. Akakataa. Akasema nikichagua mimi, nitachagua pale pazuri, halafu nitasifu mbolea bure. Laini zingine lazima zibaki na mbolea ya kawaida. Bila hizo utajuaje?"

Wakuu, nauza mbolea kila siku ya Mungu, na sikuwa nimewaza hivyo.

Akauliza maswali yake. Dawa mpya inaumiza wapi? Akaambiwa kichefuchefu, uchovu, na mengine ambayo bado hayajulikani. Akichoka anaweza toka? Wakati wowote, na matibabu yake yanaendelea. Kuja ni mara ngapi? Kila wiki tatu. Hapo ndipo aliguna, sababu ya siku za kupeleka majani buying centre, pale yanaponunuliwa.

Nikajaribu kujirudisha. Nikasema, "Yule kijana ako na mtoto wa kulea, ndiyo amekataa. Wewe Baba umeishi, unataka kusaidia wengine. Ni vizuri."

Akanigeukia polepole.

"Kijana ako sawa, hiyo ni yake. Lakini nani amekuambia mimi nimemaliza kuishi? Nataka kupona. Nataka kula ugali. Ikisaidia wengine pia, kongoi, nitashukuru."

Niliumia, sidanganyi. Nilikuwa nimeshamzika kwa heshima, na yeye alikuwa bado anapanga kula.

Alitia sahihi, herufi moja moja. Vipimo vikakubali. Kompyuta ikamweka group ya matibabu ya kawaida. Mimi nilikasirika siku mbili. Yeye aliuliza tu tarehe ya kurudi.

Leo anameza ugali laini na mboga iliyopondwa. Siwezi kuwaambia amepona, hatujui. Wiki tatu zikifika anajivalia koti mapema na kunisubiri mlangoni akilalamika nimechelewa.

Somo nililopata ni hili. Tunadhani kijana atakubali vitu vipya na mzee atakataa, ama mzee akubali kwa vile hana cha kupoteza. Mimi nilikosea zote mbili siku moja. Kila mtu ana sababu yake, na huwezi kuisoma kwa kitambulisho.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Uliulizwa? Ulifichwa? Ulikubali ama ulikataa? Lakini naomba wazee wa humu ndani waanze. Sisi watoto tumeongea vya kutosha.