Beseni Langu Mbele ya Hakimu

Ndiyo, ni mimi yule mama wa unga kortini, msiulizane pembeni, nitawaambia mwenyewe, aibu nimeshaizoea.

Pale Bwera walileta sheria ndogo: hakuna kuweka bidhaa chini kando ya barabara. Sisi wauza unga wa muhogo tukaambiwa twende nyuma ya soko, ambako hakupiti mtu, ni mbuzi tu. Mimi nikajiona mjanja (nilisoma kidogo, mnajua), nikamwambia mwenzangu Masika, "Wamekataza chini, kichwani hawakukataza!" Basi nikajitwika beseni, nikasimama palepale kuuza, wenzangu wote wakaniiga, mpaka siku afande aliponikamata mimi na beseni langu, nikapelekwa kortini Kasese. Wenzangu wakaja kunisikiliza, maana nikishinda tunabaki wote barabarani, nikishindwa tumekwisha wote.

Nikajitetea, weee, neno kwa neno! Hakimu akasikiliza vizuri, hata akaandika, nikaona hapa nimeshinda. Halafu akauliza polepole, "Sasa mama, mteja anachotaje unga huko juu?"

"Napiga magoti, mheshimiwa."

"Hebu tuonyeshe."

Mungu wangu! Nikapewa beseni langu, nikapiga magoti katikati ya mabenchi, afande yuleyule akawa mteja, akainama na kikombe, mara wakili mmoja akaja na mafaili yake akakosa pa kupita, nyuma yake mzee na fimbo naye akakwama, nami (kwa heshima zangu) nikataka kuinuka niwapishe, kumbe nimekanyaga kitenge changu mwenyewe. Beseni lote likamwendea afande, kuanzia kofia mpaka viatu, yakabaki macho tu.

Korti nzima ilicheka. Hakimu akajifuta machozi, akasema, "Mama, sheria hiyo ilitungwa ili watu wapate njia, na njia umeifunga mbele yangu. Beseni likiwa chini, likiwa kichwani, kosa ni lilelile." Akaniachia kwa onyo. Na ufagio.

Tulipofika Bwera, Masika akasema, "Dada, ulisema muzuri sana. Iko magoti ndiyo ilituangusha."

Sasa tuko wote nyuma ya soko, na kubishana na sheria nimeacha, naapa. Juzi mteja akafika mpaka kule, roho yangu ikafurahi, kumbe alitaka tu kumwona mama aliyemmwagia afande unga.

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Nunua kwanza, halafu ucheke."