Bi Biasha na Nazi za Hasira

Kijiji kizima cha Mitwero kilijua kwamba Bi Biasha akipika huku amenuna, wali hautoshi. Si jambo la kubishania, matumbo ya watu yalishatoa ushahidi. Katika hitma ya mwisho aliyopika, kilo hamsini za mchele ziliyeyuka kabla wazee wa barazani hawajamaliza kunawa mikono, na shehe wa watu akaondoka na kipande cha ukoko, amekishika kama kitambulisho.

Mchele wenyewe ulikuwa tele. Tatizo lilikuwa mdomo wa mpishi. Bi Biasha aliogopa jambo moja tu duniani, chakula kuisha watu hawajala, na hofu hiyo ilimtoka kwa makelele. "Kitaisha hiki! Nawaambieni, kitaisha!" Sasa niambie, nani asikie hivyo halafu atulie? Waliokuwa wakipakua walificha sahani chini ya kanga. Wageni walijaza mifuko. Mama mmoja mwenye heshima zake zote alifungua mwavuli njiani, minofu ikamdondokea kichwani. Chakula kikaisha kweli, na Bi Biasha akapata la kusema: "Si niliwaambia?"

Kina mama wa mapishi wakakaa kikao. Mwenyekiti wao, Mwanasha, ambaye bintiye alikuwa anakaribia kuolewa, hakuzunguka. "Dada Biasha, harusi ya mwanangu ndiyo ya mwisho. Chakula kisipotosha, mwiko tunampa msaidizi wako, Kijakazi."

Huo mwiko ulikuwa wa mninga, mrefu kumzidi bibi harusi, na mpini wake ulikuwa umelika pale ambapo marehemu mama yake Biasha aliushika kwa miaka arobaini. Bi Biasha alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia mpaka mumewe Abilahi akadhani kuna msiba.

Wiki hiyohiyo presha ikampanda. Pale zahanati, nesi Lightness alimpima mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuyaamini macho yake.

"Mama, ukihisi hasira inakuja, usiseme kitu. Kaa chini, pumua, shika kazi ya mikono mpaka ipite."

Kazi ya mikono aliyoijua Bi Biasha akiwa amekaa chini ilikuwa moja. Tangu siku hiyo, hasira ikija, alivuta mbuzi ya kukunia, akaikalia, akakuna nazi. Na hasira za mwanamke yule hazikuwa za kuhesabika. Kwa wiki mbili nyumba ile ilikula mchicha wa nazi, kunde za nazi, na samaki wa nazi. Siku Abilahi alipokanyaga sakafu iliyopigwa deki, hata chai ilitiwa tui. Kuku walinenepa kwa machicha wakawa hawakimbii tena. Tui lililobaki likapelekwa kwa majirani kwa mabakuli, na majirani ambao hawakuwa wakisalimiana naye tangu ile hitma wakaanza kurudisha mabakuli yakiwa na mihogo ndani.

Ijumaa ya harusi ikafika, na pamoja nayo akafika Abdulrazak.

Abdulrazak ni mtoto wa mjomba wake Biasha, na kwa hiyo ni mtani wake wa damu. Sheria ya utani ni fupi: mtani atakufanyia atakalo, atachukua chako akitaka, na wa kwanza kukasirika analipa jogoo. Bi Biasha alishalipa majogoo kumi na moja. Abdulrazak hakuwahi kulipa hata kifaranga. Asubuhi hiyo alishuka kwenye basi kutoka Kinjumbi na viroba viwili vya nazi za kwenda kuuza sokoni Lindi, akaviegemeza ukutani nyuma ya jiko la uani, akasugua viganja na kuanza kazi.

Kwanza aliunyakua mwiko, akauweka begani kama bunduki, akawapigisha wapishi kwata. "Kushoto geuka! Biasha, nyanyua mguu huo, au umeoteshwa hapo?"

Bi Biasha alifungua mdomo. Akaona macho ya Mwanasha, akaona ya Kijakazi. Akafunga mdomo, akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi.

Abdulrazak akajifunga kanga ya Biasha na kuigiza anavyotembea. Nazi mbili. Akatangaza kwa kipaza sauti cha harusi kwamba mpishi amepika viatu, wageni wakale kwao. Nazi tano. Nazi za harusi zilipokwisha, Bi Biasha hakuinua hata kichwa. "Debora, mwanangu, nazi!" Debora, jirani mzaliwa wa Newala, aliona viroba viwili ukutani, na kwake nazi iliyo karibu na jiko ni nazi ya jiko. Akaleta. Akaleta tena.

"Mwiko siutoi," alisema Abdulrazak mwishowe, akitoka jasho, "mpaka uniamkie." Naye ni mdogo kwa Biasha kwa miaka minne.

Bi Biasha aliitafuta hasira yake kifuani, akaikosa. Alitafuta na ile hofu, nayo haikuwepo. Alijisikia mwepesi, akamwona binamu yake alivyokaa na ile kanga imempanda magotini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shikamoo, Abdu."

Mtani asiyekasirikiwa hana kazi. Abdulrazak akaurudisha mwiko.

Tui lilikuwa ndoo nne. Likaingia kwenye wali, likaingia kwenye mchuzi, likaingia kwenye maharage. Ule wali ulikuwa mzito wa mafuta ya nazi hata mtu akila matonge matatu anaegemea ukuta. Na kwa kuwa mpishi alikuwa akipakua huku anaimba, hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyefungua mfuko. Watu wanne wanne kwenye sinia walikuwa wakisukumiana nyama. "Kula wewe." "Aa, kula wewe bwana." Masinia tisa yakabaki. Shehe alipewa la kwake peke yake, na ukoko akaukataa kwa adabu. Mwanasha aliuosha mwiko kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi Bi Biasha mbele ya wote, na Kijakazi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Hapo ndipo iliposikika sauti nyuma ya jiko. "Nazi zangu ziko wapi?"

Watu wote uani waligeuka. Abdulrazak alisimama na viroba viwili vitupu, kimoja kila mkono. Debora alijificha nyuma ya sufuria. Mashavu ya Abdulrazak yalijaa, mishipa ya shingo ikamsimama, na Abilahi, ambaye amewatoa majogoo wake kumi na moja mmoja mmoja, akasogea karibu ili asikose neno hata moja.

Bi Biasha aliinuka taratibu. Aliivuta mbuzi ya kukunia, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaiweka mbele ya binamu yake. Juu yake akaweka nazi ya mwisho iliyobaki.

"Kaa, mdogo wangu," alisema. "Pumua kwanza."

Abdulrazak aliwatazama watu. Akakaa, akakuna.