Kampi Nje ya Lango la Dani

Turubai likilowa mvua hutoa harufu ya mpira na vumbi la zamani. Nikiisikia popote, hata pale sokoni Kondele wauza mitumba wanapofunika mali yao, hutazama juu kutafuta radi. Kucheka huja baadaye.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa seremala, na pikapu yake ilibeba kila kitu isipokuwa sisi. Desemba hiyo akatutangazia kampi. Aliunga vyuma nyuma ya pikapu, akavifunika turubai, akapanga mbao kusawazisha sakafu, kisha akakata godoro kuukuu mpaka likaingia sawasawa. Mama akashona pazia.

Tulienda kwa Dani, nyanya yetu, upande wa Kombewa. Njiani, pale Otonglo, tulinunua mkate, na safari nzima Baba alirudia, “Mwenda kwao si mtumwa.” Tulipofika akaegesha nje ya lango. Sikuuliza kwa nini. Ukipewa kulala ndani ya gari, utauliza nini tena?

Kesho yake, giza likiingia, upepo ukatoka ziwani. Radi ikapiga karibu sana, turubai likang’oka upande mmoja na maji yakatumwagikia. Nilipiga ukemi. Dani akaja mbio, akanibeba mimi na kumburuta kaka yangu hadi nyumbani kwake.

“Wuoda, mwanangu, ingia na wewe!” alimwita Baba. “Kaa tu mpaka iishe!”

“Na nikishikwa na usingizi huko ndani, Mama? Usingizi haubishi hodi.”

Pale mlangoni Dani akanieleza. Kwa mila yetu, mwanamume mwenye mke na watoto hapaswi kulala ndani ya nyumba ya mamake. Akilala, atashikwa na chira, laana inayomkausha mtu polepole mpaka afe.

Sijawahi kuogopa vile tena. Nje kulikuwa na radi, ndani kulikuwa na chira, na baba yangu alikuwa amesimama mvuani, ameng’ang’ania turubai kwa mikono miwili. Nililia, “Baba, ingia!” Nikakumbuka, nikalia, “Usiingie!” Ingia, usiingie, mpaka sauti ikanikauka.

Dani alichukua blanketi na chupa ya chai, akatoka. Wakajibana watatu kiti cha mbele, yeye, Mama na Baba. Kila umeme ulipomulika nilimtafuta Baba nyuma ya kioo cha pikapu. Bado alikuwepo.

Mwaka uliofuata pikapu ilipeleka mabati kwa Dani. Tulipodai kampi nyingine, Baba alisema kampi zimeisha. Nami nikakua nikiwasimulia watu kwamba baba yangu aliogopa chira kuliko radi.

Juzi, nikimsaidia Mama kukunja lile turubai, nikaitaja ile kampi. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Kampi gani, mwanangu? Hatukuwa na nyumba yetu kule. Tungelala wapi kabla ya yale mabati?”

Sikucheka naye. Nilimwona tena Baba akikata godoro huku akipiga mbinja, mtu mzima asiye na hata kijumba kwao, akiwatengenezea watoto wake furaha ili wasiulize. Radi aliiogopa, na chira pia. Lakini alichoogopa zaidi ni sisi kujua.