Siku Spika Yangu Ilipoingia Msibani

Haya, mmenibana mpaka niseme, basi nitasema, ila anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize kabisa, maana nikikumbuka siku ile mpaka leo masikio yananiwaka moto, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Sikurogwa wala sikuponzwa na mtu. Ni mimi na akili zangu hizi hizi mnazoziona, nilipoamua kwamba pikipiki yangu inahitaji spika kubwa zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu ndio kwanza wamehamia vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na mimi Mluguru wa watu kutoka milima ya Morogoro nimepangiwa kazi Tabora, Bwana Afya, nakaa chumba kimoja Kitete. Kazi yangu kuzunguka vijijini kuhimiza vyoo, maji ya kuchemsha na chanjo ya watoto. Nilipewa pikipiki, na juu ya usukani wakafunga spika ndogo ya bati ya kutangazia. Jamani, ile spika! Natangaza vizuri kabisa, "Ndugu wananchi, kesho saa mbili waleteni watoto," inatoka sauti ya mbuzi mwenye kifua, na hao watoto wenyewe wanakimbia nyuma yangu wakinikoromea. Nilizoea. Ningeendelea kuzoea, kama si Veronika.

Veronika alikuwa binti wa Mzee Maganga, katekista wa kule Ntalikwa, mzee mpole, mnyoofu, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Nilimpenda Veronika tangu siku nilipokwenda kukagua vyoo kwao, bibi yake akanifukuza na fimbo (bibi hakutaka kabisa mtu mgeni achungulie choo chake), na Veronika akanifuata mpaka barabarani kuniomba radhi huku amejiziba mdomo na kanga asicheke. Nikatuma mshenga. Mshenga wangu alikuwa jirani yangu Mzee Petro, mpishi, mtu mzima mwenye maneno matamu, naye Jumapili moja akarudi kutoka Ntalikwa anatabasamu.

"Mzee hajakukataa," akasema. "Anataka uende Jumamosi saa tisa akuone kwa macho yake. Ila kanichekesha. Eti kijana ni mkimya mno, hata spika yake inaona haya."

Yeye alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Neno lile liliniingia, likakaa. Wiki nzima nikila nalisikia, nikivaa viatu nalisikia, hata spika yake inaona haya.

Sasa pale karibu na soko kulikuwa na fundi redio, Bwana Suleimani, ukoo wa Waarabu wa zamani wa mjini, na dukani kwake lilining'inia bomba moja la spika, kubwa, jeusi, upana wa sinia la pilau. Jumatatu nikapita kulitazama. Akanieleza: bomba hilo tunalifunga mbele, nyuma kwenye keria tunaweka sanduku la chuma, ndani yake betri ya gari, amplifaya na mashine ya kaseti, ukitaka unatangaza, ukitaka unapiga muziki, na utasikika mpaka Igunga. "Wallahi, Bwana Afya, hata kiziwi atakuja kuchanjwa," akasema. Na hakutaka hela, alitaka redio yangu ya mezani, ambayo ndiyo kitu pekee cha maana nilichokuwa nacho chumbani.

Hapo ndipo usumbufu ulipoanza. Jumatatu nikasema nafunga, nikarudi nyumbani nikaanza kuogopa: pikipiki ni mali ya umma, bosi akiuliza nani kakuruhusu? Jumanne nikasema sifungi. Nikaogopa tena: nitaingiaje kwa wakwe na kile kibati kinachokoroma, si ndiyo nitakuwa nimethibitisha? Jumatano nikafikiria je, mzee akiona naringa? Na nisipofunga, akiona mnyonge? Alhamisi nikamuuliza Mzee Petro, akaacha kumenya viazi akaniangalia.

"Kwani wewe unakwenda kuposa au unakwenda kuhutubia?"

Swali zuri sana lile. Ningelijibu kwa ukweli ningeoa. Ijumaa nikaibeba redio yangu kwapani, nikampelekea fundi.

Jumamosi saa saba mchana nikakuta kazi imekwisha. Nimevaa suti ya kaunda, viatu vinang'aa, na Bwana Suleimani anatia kaseti ya dansi kujaribu. Mama yangu wee! Soko zima liligeuka. Wauza mchele waligeuka, foleni ya sukari iligeuka, mama mmoja akaanza kutikisa mabega na kikapu kichwani, na mimi (msinicheke) nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Fundi akauliza, "Nizime?" Nikasema acha kwanza, nitazima nikitoka mjini. Akafunga sanduku kwa kufuli, kwa sababu ya wezi, nami nikaondoka polepole ili watu wanione vizuri.

Nilipofika pembeni mwa mji nikasimama nizime. Nikapapasa mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, mfuko wa kifuani. Ufunguo nimeuacha juu ya meza ya fundi. Na swichi iko wapi? Ndani ya sanduku. Na waya? Umepita ndani ya bomba la chuma kutoka sandukuni mpaka mbele, fundi aliuficha ili nisiibiwe, Mungu ambariki. Nikazima injini, muziki ukaendelea, maana betri ilikuwa ya peke yake. Nikasimama barabarani jasho linanitoka, mwimbaji anaimba mapenzi. Nirudi? Nikirudi nachelewa, na Mzee Maganga ni mtu wa saa. Nikawasha nikaenda, nikijiambia kaseti itakwisha njiani.

Haikuisha, ila Mungu akaonekana kunihurumia: kwenye korongo moja pikipiki iliruka, sanduku likalia ndani, muziki ukakatika. Kimya! Nikajua waya wa betri umechomoka. Nikapiga ishara ya msalaba, nikacheka peke yangu, nikaendelea na safari nikirudia salamu zangu: shikamoo mzee, nimekuja kuonekana, shikamoo mzee.

Nikaingia Ntalikwa. Nikaona watu wengi wamekaa nje kwa Mzee Maganga, wanaume kwenye mikeka upande huu, akina mama upande ule, na mimi mjinga mkubwa, moyo ukanidunda nikawaza, jamani, wote hawa ni wa kunipokea mimi? Ndipo nikaona kanga zimefungwa viunoni, na vichwa vimeinama, na msalaba mpya wa mbao umeegemezwa ukutani. Nikashika breki kwa hofu. Gurudumu la mbele likapanda mzizi wa mwembe wao, sanduku likaruka, waya ukarudi mahali pake.

Dansi! Tarumbeta, magitaa, ngoma, vyote kwa pamoja, msibani, kwa sauti ya kusikika mpaka Igunga.

Nilivua koti nikalifunika bomba, muziki ukawa unanguruma ndani ya koti. Nikalikumbatia bomba kwa mikono miwili. Nikavuta kufuli, nikalipiga teke, likaniumiza kidole. Wanaume wamesimama. Mama mmoja akapaza sauti kwa Kinyamwezi, "Mayu wane!" yaani mama yangu! Na pale mlangoni kwa jikoni nikamwona Veronika, macho mekundu kwa kulia, ananitazama, na nikaelewa aliyekufa ni nani. Bibi Nyanzala, yule bibi wa fimbo, mama yake Mzee Maganga, alikuwa amefariki alfajiri, na habari haikuwa imefika Kitete.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo mdogo wake mzee, Lubinza, mtu wa makelele, akanyoosha kidole akapiga ukelele: "Mluguru huyo! Mtani! Mtani kaja kutuzikia!"

Basi hapo niwakumbushe vijana. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kila kitu, amkejeli marehemu, alete fujo, azuie mazishi, na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu anawafuta wafiwa machozi. Lakini anayekuja kuoa ni kinyume chake kabisa. Yeye mbele ya wakwe anainamisha hata macho, na sauti yake isikike kwa shida. Huwezi kuwa vyote viwili siku moja.

Kicheko kikaanza upande wa akina mama. Lubinza akaleta shoka, akavunja kufuli kwa pigo moja, muziki ukafa. Mzee Maganga akainuka, akaja polepole mpaka mbele yangu. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Bwana Afya," akasema, "tumefiwa, kama unavyoona. Na wewe umefika. Nieleze, umekuja kwa lipi? Umekuja kama mtani, au umekuja kwa lile la mshenga?"

Jamani, lilikuwa swali jepesi! Ningesema, mzee nisamehe, nimekuja kwa lile la mshenga, sikujua kuna msiba, chombo kimeniharibikia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nikawatazama wale watu wote, nikaona nikisema hivyo basi makelele yale yatakuwa matusi, matusi ya mkwe juu ya maiti ya bibi wa mchumba wake, watanifukuza kwa mawe, na bosi atasikia, na pikipiki ya umma... Woga ukanijibia.

"Kama mtani, mzee."

"Haya," akasema. "Karibu, mtani." Akarudi kukaa.

Na ukishajiita mtani, kazi unayo. Wakanifunga kanga ya marehemu kichwani, wakanipa fimbo yake, nikaambiwa haya, tuonyeshe. Nikaanza kwa woga, nikainama mgongo kama yeye, nikamnyooshea Lubinza fimbo: "Wewe Bwana Afya, choo changu unakitakia nini? Kwenu hakuna vyoo?" Wakacheka! Walicheka huku wanalia, wakasema ndiye, ndiye mwenyewe, na mimi nilipoona wanacheka nikazidisha, si mnajua mtu mkimya akipata watazamaji. Makaburini nikashuka kaburini nikalala chali, nikakataa kutoka mpaka niletewe kuku, watu wakashika mbavu. Mzee Maganga mwenyewe alitabasamu. Mtu mmoja tu hakucheka hata mara moja, Veronika. Nilimwona nilipokuwa natolewa shimoni na udongo kwenye suti.

Nikarudi Kitete na jogoo amefungwa kwenye keria juu ya sanduku, nikijiambia nimepona. Baada ya matanga nikamtuma Mzee Petro aulizie jibu la posa. Alirudi jioni, hakutabasamu, akakaa kitandani kwangu.

"Anakushukuru sana," akasema. "Anasema uliwafuta machozi. Lakini mtu aliyemkejeli mama yake mbele ya macho yake na kulala katika kaburi lake, yeye hawezi kumwita mwanawe. Nikamwambia, mzee, mbona watani wanaoana kila siku? Akasema ndiyo, wanaoana. Ila huyu nilimuuliza, naye akachagua."

Yule jogoo sikumchinja. Nilimpa Mzee Petro, naye akampika siku ya pili yake, nikasikia harufu nikatoka nje.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye chanjo palepale Ntalikwa, nimeketi mezani naandika kadi (spika kubwa nilikuwa nimeshamrudishia fundi, redio yangu alikuwa ameshaiuza), akina mama wamepanga foleni, na zamu ikamfikia Veronika, kaolewa na mwalimu mmoja wa shule, kabeba mtoto mgongoni.

"Hujambo, mtani?" akaniambia.

Nikasema sijambo. Nikamuuliza jina la mtoto, macho yangu kwenye kadi.

"Nyanzala."

Nikaandika. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Siku ile mimi nilijua ni kufuli. Nilikuona unavyolivuta. Nilisimama pale mlangoni nasubiri useme tu kwamba umekuja kwa ajili yangu. Baba alikuuliza kwa upole kabisa."

Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi akamchoma mtoto sindano, mtoto akalia, Veronika akamnyamazisha akaondoka.

Ndiyo hivyo. Tangu hapo kwenye pikipiki yangu sijafunga chochote chenye sauti zaidi ya honi, na hata hiyo, nikiona watu wengi wamekaa nje ya nyumba, nazima injini mbali, nashuka, naisukuma kwa mkono mpaka niwapite wote. Na mtu akiniuliza nimekuja kwa lipi, namwambia.