Suti ya Baba Ndani ya Boti

Enzi zetu, sisi watoto wa Ufipa juu, ziwa tulilijua kwa harufu tu, pale gunia la dagaa lilipofunguliwa sokoni Matai. Maji yetu yalikuwa ya kijito, tulikosuguana visigino kwa jiwe kila Jumamosi ili tusimwaibishe mama kanisani. Kuogelea hatukujua, ila kubishana kuhusu kuogelea, mtume!

Basi mama mdogo alipopata mchumba kijiji cha ziwani, ng'ambo ya Kasanga ambako barabara haifiki, baba akajiteua kiongozi wa msafara wa harusi. Alikuwa mwalimu mkuu, na hata mama alimwita Mwalimu. Alivaa suti ya kaunda ya kijivu, iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikang'aa magotini. Mama alibeba sufuria kubwa, zawadi ya bibi harusi.

Boti ilikuwa ya mbao, na nahodha wake, Mzee Rashidi, hakuwa mtu wa maneno. Alisema moja tu: "Maji yakichafuka, wote mkae chini kabisa. Asisimame mtu." Baba akachungulia chini. Kulikuwa na maji na magamba ya migebuka. Akabaki juu ya ubao wake.

Kwenye saa nane mchana upepo ukaja, na mawimbi nyuma yake. Mzee Rashidi akapunguza injini, akaelekeza pua ya boti kwenye wimbi kwa mshazari, lisitupige ubavuni. Sote tukateremka chini, isipokuwa baba. Sisi watu wa juu tulizoea malori ya mahindi. Lori likiinama kwenye kona, abiria wote mnakimbilia upande wa pili. Baba akasimama, akatoa sauti ya paredi: "Wote upande wa kulia!"

Na sisi, wanafunzi wema, tukatii. Boti ikalala, maji yakamwagika ndani mpaka mapajani. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema.

"Mwalimu, kaa chini, utatuua!" mama akapaza sauti.

"Nitakaaje na suti?" baba akauliza, kwa Kiswahili sanifu.

Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia, akakamata pindo la koti akavuta. Baba akatua kwenye maji ya samaki, pwaa! Nasi tukarudi mahali petu, boti ikasimama sawa. Mama akaanza kuchota maji kwa sufuria ya bibi harusi, wala hakumtazama mtu.

Harusini baba hakumgeuzia mtu mgongo, magamba yasionekane. Wazee walipomuuliza habari za safari, alijibu, "Watu waliogopa sana. Ilibidi niwatulize." Tulimcheka miaka na miaka, mpaka alipofariki.

Mwaka huu nimempeleka mwanangu Beno kumsalimia mama mdogo kule kule. Beno ni kijana wa Sumbawanga mjini. Ugali wa ulezi anauonea huruma, haugusi, na shikamoo anaitoa kama anang'olewa jino. Alivaa jaketi la kuokolea, akajipiga picha mpaka nikachoka. Nikamwambia enzi zetu hatukuvaa majaketi, tulivaa akili. Mimi nilivaa kitenge kipya.

Upepo ukatukuta katikati. Nahodha, kijana mwenye hereni, akasema, "Jamani, chini wote." Beno akatia simu mfukoni, akakaa kwenye maji hapo hapo. Mimi nikatazama magamba, nikatazama kitenge changu, nikasimama kutafuta pakavu.

Boti ikayumba vibaya. Mkono ukanishika pindo, ukanivuta chini.

"Mama, kaa chini!"

Nilikaa, maji ya baridi yakanipenya mpaka kiunoni. Nikamkumbuka baba na kaunda yake, nikatamani awe hai nimwombe radhi. Beno hakuuachia mkono wangu mpaka tukaona mchanga.

Mama mdogo alitupokea ufukweni, akaniuliza habari za safari. Nikakusanya kitenge changu nyuma.

"Watoto wa siku hizi waoga," nikamwambia. "Ilibidi nimtulize."