Soma kwa Sauti

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la uchapishaji pale River Road. Mbele yangu alisimama mwanamume aliyekuja kuchapisha kijitabu cha mazishi ya mamake, simu sikioni, akipanga mambo ya hema na viti. Mwenye duka, mama wa makamo, alimpa nakala ya kwanza aikague. Akaitupia jicho.

"Iko sawa, chapa tu."

"Weka hiyo simu chini, kastoma. Nisomee kwa sauti, majina yote."

Alisonya, akaitia simu mfukoni, akaanza kusoma. Alipofika kwa orodha ya watoto wa marehemu, kidole kikasimama. Akairudia orodha kutoka juu, polepole.

"Mimi siko."

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi."

Akaketi juu ya katoni ya karatasi, akalia. Siku tano alikuwa akishughulikia mazishi. Nadhani ni hapo tu alipojua kwamba amefiwa.

Nikatoa simu yangu haraka, niandike kisa hiki kabla hakijanitoka.

"Na wewe wa simu," mwenye duka akaniita, "umekuja kuchapisha nini?"

Ilibidi nifikirie kwanza.