Chakula Kisichoona Moto

Mimi ni mtu wa moto. Ukishuka Kaplong ukauliza ni wapi unaweza kupata mchuzi wa mbuzi wenye heshima, utaonyeshwa mlango wangu, na atakayekuonyesha atameza mate kwanza. Hoteli hiyo niliijenga kwa mikono hii. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza kuosha sufuria za watu, na leo wale walionipita darasani wanakula kwangu na kuniita mkubwa. Nasema bila kujisifu, ingawa kujisifu pia naweza.

Kwetu Wakipsigis, mwanamume kusimama jikoni ilikuwa aibu. Vijana wa rika langu walinicheka, wakaniuliza kama nimenunua leso ya kujifunga kiunoni tayari. Nilipoongeza ghorofa ya pili waliacha kuuliza.

Binti yangu wa kwanza alijifunza kupika kando ya jiko langu, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili aone ndani ya sufuria. Kabla hajamaliza shule ya msingi alikuwa anajua kwa kunusa tu kama kitunguu kimefika. Anapenda kupika kama watu wengine wanavyopenda kuimba, hata akiwa peke yake. Niliwaambia wateja, "Huyu ni mkono wangu, umeota miguu tu." Nao walicheka, na mimi nilikuwa namaanisha.

Halafu ng'ambo ya barabara akatokea yule mama. Ni mjane, Mkisii wa upande wa Chepilat, na kwa miaka alikuwa ameuza ndizi na avokado chini ya mwavuli bila kumsumbua mtu. Asubuhi moja nikaona ameweka meza, kitambaa cheupe na sahani. Jiko hakuna. Moshi hakuna. Nikamwambia mke wangu, "Huyo hatamaliza mwezi."

Akamaliza, akaongeza meza ya pili.

Nitaeleza alichokuwa anafanya, maana nilikitazama sana kupitia dirisha langu. Alichukua sukuma wiki, akaikata nyembamba kama uzi, akaitia chumvi na kuikamulia limau, kisha akaikanda kwa vidole kama mtu anayefua soksi ya mtoto mpaka ikalegea na kung'aa. Malenge machanga aliyachonga kwa kisu cha kumenyea yakawa marefu kama tambi, akayamwagia njugu zilizolala kwenye maji, zikasagwa na tangawizi. Matunda damu, yale yanayofanana na nyanya ndefu, aliyaponda na pilipili mbichi, ikawa rojo nyekundu ya kumwagia kabichi. Hakuna hata kimoja kilichoona moto. Wauguzi wa hospitali ndio walianza kwenda, kisha walimu, kisha watu wangu kabisa, watu waliokuwa na viti vyao kwangu. Walikuwa wanapita dirishani wakiangalia chini kama waliokosana na mimi.

Hiyo ningevumilia. Biashara ni biashara. Lakini binti yangu naye akaanza kuvuka barabara. Tukimaliza kuhudumia chakula cha mchana, anavua aproni yake, anaitundika, anaenda. Jioni anarudi na vidole vyekundu vya bitiruti. Rangi ile iliniuma kuliko kama angerudi ananuka pombe.

"Unaenda kutafuta nini huko?" nilimuuliza.

"Naenda kuona, baba."

"Kuona kabichi?"

"Baba, onja siku moja tu."

"Majani mabichi ni ya ng'ombe. Nina ng'ombe, nitawauliza kama ni matamu."

Alicheka. Mke wangu hakucheka. Usiku huo aliniambia, "Wivu wa wake wenza nimeuona tangu nizaliwe. Wivu wa kabichi nimeuona kwako."

Basi mambo yakafika kwa koito ya binti yangu. Koito ni siku ambayo watu wa kijana wanakuja nyumbani kwa msichana kukubaliana juu ya ndoa, na kwetu siku hiyo chakula ndicho kinachosema baba wa msichana ni nani. Wageni wangu walikuwa wanatoka Sosiot, watu wa majani chai na ng'ombe wa maziwa, watu wanaojua kula. Tangu binti yangu akinyonya nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nilitaka wale wakwe watoke kwangu wakisema, yule msichana amefundishwa na babake. Hilo tu ndilo nililotaka.

Binti yangu alikuja kukaa karibu na mimi jikoni, akatazama moto.

"Baba, nyama ni zako. Lakini meza ya mbele, ya kupokelea wageni, nimemwomba yule mama anisaidie."

Nilikoroga sufuria iliyokuwa haihitaji kukorogwa.

"Ni sherehe yako," nilisema. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Niliwaza hivi: kama ni chakula kibichi wanataka, kitu gani mimi ninacho ambacho mwuza ndizi hana? Jibu lilikuwa nje ya dirisha langu la chumba cha kulala, kijani mpaka mtoni. Chai. Watu wanachuma majani mawili na chipukizi kila siku na hakuna aliyewahi kufikiria kuyala. Siku ya koito niliamka mapema, nikaingia shambani mwenyewe, nikachuma chipukizi peke yake, zile laini ambazo hazijafunguka. Nikaziosha, nikazikata, nikazikanda kwa chumvi vile nilivyomwona akikanda sukuma wiki, nikaweka kitunguu, njugu za kukaanga, mafuta ya simsim na asali kidogo. Limau sikuweka. Limau ni lake, na mimi simwigi mtu. Nilionja. Uchungu wake ulikuwa wa kiume, halafu asali inakuja nyuma kuomba msamaha. Nikajiambia, leo watanijua. Nikaifunika kwa sahani kubwa na kuiweka mahali pa baridi itulie, kwa sababu kila mpishi anajua mchuzi uliotulia ndio mtamu.

Wageni wakafika, wanaume wakaingia ndani kuzungumza. Kwetu mazungumzo hayo hayana saa. Mtu anaanza na habari ya mvua, anapita kwa babu zake, anapita kwa babu zako, na hakuna anayekula mpaka pande zote zikubaliane. Mimi nilikuwa nimekaa humo ndani nikijibu, na kila nikitazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, namwona yule mama chini ya hema, ameketi. Vikapu vyake vimejaa mboga nzima nzima. Kisu kiko juu ya kitambaa. Hajakata hata karoti moja. Nilifurahi. Nikamnong'oneza shemeji yangu, "Angalia, amekuja kulala."

Mwishowe wazee wakakubaliana, na sauti ya kicheko ikatoka nje. Hapo ndipo yule mama alisimama. Yeye na binti yangu wakashika visu pamoja, bega kwa bega, na wakakata. Hawakuongea. Mmoja akimaliza kabichi mwingine alikuwa tayari na rojo, mmoja akinyoosha mkono mwingine anaweka limau ndani yake bila kutazama. Wageni walipotoka mlangoni meza ilikuwa imejaa, na kila kitu kilikuwa kinalia kikitafunwa. Miaka yote niliyosimama na msichana yule jikoni, sisi tulikuwa tunasemezana. Chumvi iko wapi, toa moto, ongeza maji. Sikuwa najua mtu anaweza kupika naye kimya.

"Sisi si mbuzi," mzee mmoja wa Sosiot alisema alipoona meza. Hakuwa na meno ya mbele. Akapewa avokado iliyopondwa na dhania. Akarudi kuomba tena, kisha akaacha kuomba, akakaa karibu na bakuli.

Nikaona wakati wangu umefika. Nilibeba bakuli langu mpaka mbele ya baba wa kijana, nikasimama kama mtu anayetaka kuhutubia. "Mkwe," nilisema, "hizo ni mboga za kila mtu. Hiki hakuna mtu amewahi kukila hapa Kenya. Kimetoka mikononi mwangu." Nikainua sahani.

Yale majani yalikuwa yamegeuka. Yalikuwa ya rangi ya shaba, kutoka ukingo hadi katikati, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ile inayokupiga ukipita nje ya kiwanda cha chai. Mimi, mkulima wa chai ninayejua tangu utotoni kwamba jani likishakatwa na kuachwa hujigeuza lenyewe, ndiyo kazi nzima ya kiwanda, nilikuwa nimelikata jani na kulifunika tangu alfajiri.

Baba wa kijana aliinama, akanusa, akatazama ndani kwa muda.

"Mkwe," alisema, "hiki nakijua. Nimekunywa leo asubuhi."

"Ongezeni maji moto na maziwa," mwingine akasema kutoka nyuma.

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana mtu akisimama mbele ya watu na bakuli atafanya nini? Binti yangu alikuja. Alichukua kiasi kwa vidole vile vyekundu, akatafuna mbele yao wote, akameza.

"Baba, ungeweka limau majani yasingegeuka," alisema polepole, kwangu tu. "Lakini wazo ni zuri."

Nyama yangu ililiwa, msidhani haikuliwa. Mifupa ilibaki myeupe. Lakini wageni walipokuwa wanakunywa maziwa ya kibuyu na kujiandaa kwenda, shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye macho makali, alimshika binti yangu mkono.

"Msichana, nani alikufundisha haya?"

Nilikuwa karibu. Nilishika hata mkanda wangu, tayari kutajwa.

"Ni huyu mama," binti yangu alisema, akamwonyesha.

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Shangazi alikuwa amekwisha kumgeukia yule mama na kumpa mikono yote miwili.

"Na mimi nilimfundisha moto," nilisema.

"Moto kila nyumba inao, mkwe," shangazi alijibu, bila ubaya, akaendelea kusalimia.

Sasa binti yangu ameolewa. Yuko Sosiot na ana meza yake sokoni, naambiwa inajaa. Mimi hoteli yangu bado inajaa pia. Juzi nilikuwa dirishani, watu wa mchana wamepungua, nikamwona yule mama ameweka simu begani, amelaza kichwa juu yake, mikono inakanda sukuma wiki. Anacheka. Nilitoa yangu mfukoni nikaitazama. Ilikuwa na chaji. Ilikuwa na mtandao.

Nikavuka barabara. Nilikuwa sijawahi.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza.

"Ni msichana wetu," alisema. "Ameniuliza habari ya malenge."

"Wetu," alisema. Nikavuta kiti chake cha plastiki, nikakaa, nikaweka viwiko juu ya kitambaa chake cheupe.

"Niwekee sahani," nilimwambia. "Na umwambie nani amekaa hapa."